Kupanda Hanang pasipo na njia: mgongo huchaguliwa kwa kushuka

*"Tuko wanne, wote wa Babati. Tumeshapanda Mlima Hanang mara mbili kwa njia ya Jorodom. Safari hii tunataka kupanda upande mwingine, ule unaotazama Ziwa Balangida, pasipo na njia. Kwenye picha za satelaiti za simu tumeona mgongo unaokwenda moja kwa moja mpaka juu. Tukipima ni kilomita 5 tu, kwa hiyo tunakadiria saa tatu kupanda na mbili kushuka. Mwenzetu mmoja anasema tuachane na mgongo, tufuate korongo kwa sababu lina maji na halipotezi mtu. Mwingine anasema tutaamua hukohuko. Tunataka kwenda Aprili, likizo ya Pasaka. Tuchague vipi?"*

Nianze na Aprili, kwa sababu hilo ndilo rahisi kulijibu: msiende Aprili. Mengine yote yana mjadala.

Swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja: mpite mgongoni au korongoni, mtatumia muda gani, na mtajuaje kama hiyo njia mliyoichora kwenye simu inapitika kweli. Nitayafungua moja moja, ila kuna kanuni moja ambayo nitairudia mara kadhaa, nanyi mniwie radhi. Pasipo na njia, mnachochagua hasa ni mahali pa kushuka. Kupanda kutajipa kwenyewe.

Sababu iko kwenye umbo la mlima. Utazame Hanang kutoka mbali: migongo inaanza mingi huku chini, kisha inakutana kadiri inavyopanda, hadi inabaki mmoja au miwili inayofika kileleni. Anayepanda hata akikosea kidogo, mlima unamrudisha. Kila mkono wa mgongo unampeleka kwenye mgongo mkubwa, na mgongo mkubwa unampeleka juu. Ukigeuka kushuka mambo yanapinduka. Mgongo mmoja unagawanyika kuwa miwili, miwili inakuwa mitano, na katika kila mgawanyiko unatakiwa uchague sawasawa, mara nyingi kwenye ukungu, ukiwa umechoka. Ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu pale juu, baada ya kutembea mita 500 utakuwa umeachana na mstari wako kwa karibu mita 90, na kwenye mlima mwembamba kama huu hizo zinatosha kukuweka upande mwingine wa korongo. Hapo ndipo watu hulala nje, au hulazimisha kukata korongo ili warudi walikotoka, wakaanguka.

Kwa hiyo mgongo mzuri kwenu ni ule wenye migawanyiko michache ukiutazama kutoka juu, na ambao kila mgawanyiko una kitu cha kuutambulisha: mwamba wenye umbo fulani, mti uliosimama peke yake, mahali panapokuwa tambarare kwa hatua hamsini kabla ya kuinama tena. Mkiwa mnapanda, kila mnapofika mahali mkono mwingine wa mgongo unapojiunga na wenu, simameni, geukeni nyuma, mpige picha ya mnachokiona kwa kutazama chini. Hiyo ndiyo sura mtakayoikuta wakati wa kurudi. Picha ya kutazama juu haitawasaidia chochote jioni.

Sasa korongo. Mwenzenu ana hoja mbili na zote mbili zinaonekana za maana. Kwamba lina maji: huenda, wakati wa mvua. Kiangazi, ambacho ndicho kipindi cha kupanda, msiutegemee mlima huu kwa maji. Bebeni lita 4 kila mmoja, na mjue hizo ni kilo 4 mgongoni. Kwamba halipotezi mtu: kweli halipotezi, linakupeleka palepale maji yanapokwenda. Shida ni kwamba maji hayaogopi kuruka genge. Korongo ni mahali ambapo maji yamekula ardhi laini na kuacha ngumu, na kila yalipokuta tabaka gumu yameacha ngazi, yaani ukuta wa mita 3, 5, 15. Unaupanda wa kwanza kwa kusaidiana, wa pili kwa kuvutana, wa tatu unakushinda, na unapotaka kurudi unagundua kwamba hata ule wa kwanza huwezi kuushuka. Kupanda ukuta ni rahisi kuliko kuushuka, maana ukipanda mikono na macho viko sehemu moja, lakini ukishuka unatafuta pa kukanyaga kwa miguu usiyoiona.

Tena korongo ni mfereji. Kila jiwe linalong'oka pande zote mbili linaishia humo. Januari 2006 wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa na mawe chini ya Western Breach, mwinuko mkali wa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na wao walikuwa kwenye njia inayojulikana. Na kwa Hanang sihitaji kwenda mbali: Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelewa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka kwa kufuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyinyi wa Babati hamhitaji kuhadithiwa. Ninachotaka mkichukue ni namna lilivyotokea: udongo wa volkano ukijaa maji unapoteza mshikamano, unaanza kutembea kama uji mzito, na uji hupita korongoni. Hii ndiyo sababu ya lile jibu langu la Aprili. Huku mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei; Aprili ardhi inakuwa imekunywa maji kwa miezi mitano. Nendeni kati ya mwisho wa Juni na Oktoba.

Hilo hilo linahusu picha zenu za satelaiti. Angalieni tarehe ya picha. Kama ilipigwa kabla ya Desemba 2023, mnatazama mlima ambao kwa baadhi ya sehemu haupo tena: kuna makorongo yaliyopanuka na kingo zilizobaki zikining'inia bila kitu chini yake. Ukingo mpya wa namna hiyo hausogelewi, hata kama juu yake kuna majani mazuri ya kukalia.

Na hata picha ikiwa mpya, ile sura ya milima inayoinuka kwenye skrini mkiizungusha kwa kidole haitoki kwenye picha yenyewe. Inatokana na vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada au satelaiti, ambavyo vingi hupima kila baada ya mita 30 hivi, halafu programu inaunganisha vile vituo kwa kulainisha. Ukuta wa mita 10 unaweza kukaa katikati ya vituo viwili usionekane kabisa. Kwenye skrini mtaona mteremko laini. Msituni ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi kilichopimwa ni vilele vya miti, si ardhi. Mgongo "unaokwenda moja kwa moja mpaka juu" kwenye simu ni pendekezo tu.

Tafuteni ramani ya karatasi ya skeli ya 1:50,000 ya eneo hilo, ile yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Kisha fanyeni hivi. Chukua ukingo wa karatasi nyeupe, weka alama mbili zilizoachana sentimita 1. Hizo ni mita 500 ardhini. Ulaze huo ukingo juu ya mgongo wenu, ukikata mistari ya kontua katikati, na uhesabu mistari iliyo kati ya alama mbili. Soma pembeni mwa ramani tofauti ya mwinuko kati ya mstari na mstari. Kama ni mita 20, mistari 8 ndani ya sentimita ni mteremko wa nyuzi 18 hivi, na huo unatembeka mnapiga soga. Mistari 12 ni nyuzi 26: pumzi inakata, soga inakwisha. Mistari 15 ni nyuzi 31. Kwenye majani yaliyolowa hapo mtu akiteleza anaweza asisimame. Mistari 20 ni nyuzi 39, na hapo mikono imeshaanza kufanya kazi ya miguu. Mahali ambapo mistari imeshikana hadi huwezi kuihesabu, hesabu kwamba ni genge, ukabadilishe mstari wako nyumbani, mezani, siyo kule. Msogeze ukingo sentimita kwa sentimita kutoka kileleni hadi chini na kuandika namba pembeni. Kazi ya dakika ishirini.

Kwa watu wa kiwango chenu, wazima, waliokwisha kupanda mara mbili lakini bila kamba, ningeweka kikomo nyuzi 30 kwa sehemu ndefu, na sehemu fupi za 35 pale tu ambapo ardhi ni kavu na chini yake hakuna genge. Huo mwisho ni muhimu kuliko namba. Mteremko wa nyuzi 30 unaoishia kwenye nyasi tambarare na mteremko wa nyuzi 30 unaoishia kwenye ukuta ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa mguu hauhisi tofauti. Mkiwa kule mnaweza kuhakiki: lazeni fimbo juu ya mteremko, muweke simu juu ya fimbo, mfungue kipimo cha pembe.

Kuna umbo moja la mteremko ambalo naomba mlisome kwenye ramani kwa makini. Ni pale ambapo mistari ya juu imeachana, na kadiri unavyoshuka inazidi kukaribiana. Maana yake mlima umebinuka kama mgongo wa kobe. Ukiwa juu unaona majani mazuri yanayoinama taratibu, kisha unaona ziwa kule mbali, na huoni kilicho katikati. Kila hatua inakuwa kali kidogo kuliko iliyotangulia, kidogo sana kiasi kwamba hakuna hatua moja inayokutisha, hadi unajikuta mahali ambapo kwenda mbele ni genge na kurudi nyuma ni kutambaa. Mteremko uliobonyea kama kijiko, ambao mistari yake inaachana kadiri unavyoshuka, ndio rafiki: ubaya wake wote unaonekana ukiwa juu.

Sasa saa zenu. Kilomita 5 kwa saa tatu ni hesabu ya barabarani. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Hanang ina mita 3,417 hivi, na kutoka mashambani chini hadi juu mtakuwa mmepanda zaidi ya mita 1,500. Basi: saa 1 ya umbali, saa 2 na nusu za mwinuko, jumla saa 3 na nusu. Na hiyo ni ya mtu mzima kwenye njia iliyo wazi, bila kupumzika, bila kujadiliana kushoto au kulia.

Pasipo na njia, kinachoamua ni mimea. Msitu mnene wa chini wenye upupu na mizabibu ya porini unaweza kuwapa mita 500 kwa saa, na hiyo ni iwapo wa mbele anabadilishwa kila dakika ishirini. Vichaka vya juu yake, vile vya matawi magumu yanayofika kifuani, vinatesa kuliko msitu: huvuki juu, hupiti chini. Huko juu kwenye nyasi za mafungumafungu na mawe mwendo unarudi, ingawa mafungu hayo hukunja vifundo vya miguu. Nikigawanya kilomita zenu 5, tuseme 1.5 msituni kwa saa 3, 1.5 vichakani kwa saa 2 na nusu, 2 za juu kwa saa 2 na nusu. Ni saa 8. Kushuka palepale hakutakuwa saa mbili. Vichaka havijali unaelekea wapi, hesabuni 6. Jumla 14, bado hamjala wala kupiga picha kileleni.

Mwanga mlionao kwa siku nzima ni wa saa 12 na ushei. Jua linazama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 kasoro, na nusu saa baadaye ni giza la kweli. Mpango wenu, kama ulivyo, unaishia gizani mkiwa vichakani.

Hiyo haina maana kwamba haiwezekani. Mna chaguo tatu, na nitazipima kama ninavyoziona.

Ya kwanza ni kupanda mgongo mpya na kushuka kwa Jorodom mnayoijua. Inavutia, na ndiyo wengi huichagua, kwa kuwa inaondoa ile shida ya migongo kugawanyika. Ubaya wake umejificha: inawafanya mfike mahali pabaya theluthi mbili ya safari mkasema "tusonge tu, tukifika juu tumepona." Kurudi kunaonekana ni hasara, kwa hiyo mnapanda kitu ambacho msingekipanda. Mkiichagua, wekeni sharti kwamba hakuna anayepanda hatua ambayo hawezi kuishuka palepale. Mjaribu: panda hatua mbili, zishuke, ndipo uendelee. Na mpange usafiri upande wa pili.

Ya pili ni kulala mlimani, kugawa siku mbili. Inatatua saa lakini inaongeza mzigo: maji ya siku mbili ni lita 7 au 8 kwa kila mtu, hema, na nguo za baridi, kwani hali ya hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000 mnazopanda, hivyo kule juu ni baridi kuliko Katesh kwa nyuzi 11 hivi, kabla ya upepo. Mzigo wa kilo 15 kwenye vichaka vile ni adhabu. Siipendi kwa mara ya kwanza.

Ya tatu ndiyo ningewashauri, ingawa haina sifa ya kusimulia. Nendeni mara mbili. Safari ya kwanza haina kilele: mnaingia alfajiri, mnapanda saa 5 kwa kutafuta tu mahali pa kupenya msitu na vichaka, mnaweka alama za mahali kwenye simu, mnafunga vipande vya utepe wa rangi kali kwenye matawi, mnarudi. Msikate miti kwa panga, ni hifadhi. Safari ya pili, wiki moja au mbili baadaye, ule msitu wa saa 3 unakuwa wa saa moja na robo kwa sababu kutafuta ndiko kulikokuwa kunakula muda. Utepe mnauvua mkirudi.

Kwa vyovyote, andikeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na iwe ni saa, isiwe mahali. Mkianza saa 12 asubuhi, saa 7 mchana mnageuka hata kama kilele kiko mita 150 juu yenu mnakiona. Huyo anayesema "tutaamua hukohuko" ni hatari kuliko huyu wa korongo, mwambieni kwa upole. Huko mtaamua mkiwa na njaa, kiu na aibu ya kuwa wa kwanza kusema turudi.

Ukungu ukiwafunika mkiwa juu, kaeni chini kwanza. Mara nyingi hufunguka. Mkilazimika kutembea, tumieni dira kutoka alama moja hadi nyingine. Tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani huku kwetu ni ndogo, haitawasumbua, ila msiiweke dira juu ya mwamba mweusi wa volkano, kwani baadhi una chuma cha kutosha kuipotosha. Isomeni mkiwa mmesimama, mkononi. Simu iwe kwenye hali ya ndege, ndani ya koti, siyo mfuko wa nje wa begi ambako baridi inamaliza betri. Ngurumo mkiisikia, mgongo wote ninaousifia hapa unakuwa mahali pabaya; shukeni ubavuni, mkae mbalimbali.

Kibali. Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kibali cha kupanda kwa njia zinazotambulika si ruhusa ya kupita popote. Nendeni ofisini Katesh mapema, na ramani yenu yenye mstari uliochorwa, muwaulize waziwazi. Wakisema upande ule umefungwa, hasa baada ya yaliyotokea 2023, basi umefungwa, na hapo haya yote mtayatumia kwenye mlima mwingine. Wakikubali, ombeni mtu wa kuwaongoza anayeishi upande huohuo. Mchunga ng'ombe wa Kibarbaig au mrina asali wa huko anajua ni mkono upi wa mgongo unafika na upi unaishia hewani, na ramani yangu ya sentimita haimfikii. Swali la kumuuliza siyo "njia ipo?" Wengi watakujibu ipo, kwa heshima tu. Muulize: "Ng'ombe wakipotelea juu, mnawafuata kwa kupitia wapi, na mnawashusha kwa wapi?"

Kama yeyote kati yenu ana pumu, seli mundu, tatizo la moyo, ujauzito au goti lililowahi kuteguka, aonane na daktari kabla, amweleze mwinuko na urefu wa siku, maana kwa njia ya maandishi sitaweza kumpima. Na wote mjue kwamba juu ya mita 2,500 maumivu ya kichwa yanayoambatana na kichefuchefu au kuyumba ni mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Anayeyumba anashushwa mara moja akiwa na mtu, haachwi peke yake kusubiri wengine wafike juu.

Mwisho, mtu mmoja abaki nyumbani na karatasi: majina yenu manne, nguo za rangi gani, mgongo upi, mmeanza saa ngapi, saa ya kugeuka, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu atapiga simu ofisi ya hifadhi na 112. Andikeni saa 3 usiku. Na mkishuka salama saa 11 jioni, mpigieni kabla ya kuagiza nyama choma.